Mahali Pasipo na Watoto



Hivi karibuni, baada ya kikao cha umoja wa wanawake hapa kanisani kwetu Msamala, mama mmoja alingoja wenzake wote watoke, kisha akatuvuta mkono hadi nyuma ya jiko la kanisa. Alifungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Watoto wake wawili wanaofanya kazi Dar es Salaam wamechanga fedha ili baba na mama yao wakaadhimishe miaka 25 ya ndoa katika hoteli ya ufukweni kule Unguja, siku tano, chakula na malazi vimelipiwa. Maelezo walimtumia kwenye simu, naye akaenda kuyachapisha steshenari ili ayasome vizuri. Katika karatasi ile alikuwa amepigia mstari maneno matatu: watu wazima tu.

"Sasa mama," akatuuliza kwa sauti ya chini, "hawa watoto niliowazaa mwenyewe wanatupeleka mahali pa namna gani?"

Tulicheka, naye akacheka, ila tulielewa hofu yake. Sisi huku maneno hayo tumeyazoea kwenye filamu zisizofaa na kwenye milango ya kumbi za usiku. Mtu akiyaona kwenye karatasi ya hoteli, tena imeletwa na wanawe, lazima moyo umwende mbio. Kumbe maana yake ni nyepesi: hoteli hiyo haipokei watoto. Nyingine huweka mpaka wa miaka 16, nyingine 18. Huko hutakuta mtoto anayejirusha kwenye bwawa, wala anayelia mezani kwa sababu hataki mboga. Wageni wake wengi ni watu wa ndoa waliochoka, na wazee waliostaafu wanaotaka kusoma kitabu hadi mwisho.

Mtindo huu ulipata nguvu visiwa vya Karibi. Mwaka 1981 mfanyabiashara wa Jamaica, Gordon Stewart, alifungua hoteli ya kwanza ya Sandals pale Montego Bay, akaifanya kuwa ya wawili wawili tu, na kila kitu kikilipiwa mapema ili wageni wasihangaike na hesabu wakiwa mapumzikoni. Biashara ikashika, wengine wakaiga, na sasa hoteli za namna hiyo ziko hata hapa kwetu. Riu Palace ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ni mojawapo; hupokea wageni wa miaka 18 na zaidi.

Tulidhani tumemaliza. Lakini mama yule hakuondoka. Alikuwa na swali la pili, na hili ndilo lililomweka nyuma ya jiko. Kitinda mimba wake yuko darasa la sita. Je, ni halali mama Mkristo kwenda kupumzika mahali ambako mwanawe amekatazwa kuingia?

Tulimjibu kwa kumsimulia habari zetu wenyewe, na kwa ruhusa ya baba watoto tunawasimulia na ninyi.

Mwaka 2022 sisi wawili tulikuwa na miaka 20 ya ndoa na watoto wanne, na tulikuwa tumefikia hatua ya kuongea kwa kuwatumia watoto. "Mwambie baba yako maji ya kuoga tayari." "Mwambie mama yako kesho ninakwenda shamba." Hapakuwa na ugomvi. Hapakuwa na mwanamke mwingine, wala pombe, wala kipigo. Ndiyo maana hatukumwambia mtu, kwa sababu ungemwambia nini? Kazi ya uuguzi ni ya zamu: usiku mmoja tuko wodini, mchana tunalala, jioni kuna kwaya, kuna msiba wa jirani, kuna kikoba. Siku 28 za likizo ya mwaka zilikuwa zinaishia kwenye mahindi. Kitandani alilala mtoto wa mwisho katikati, na hata alipokua akahamia kwa dada zake, pale katikati pakabaki wazi kana kwamba bado yupo.

Mama mchungaji ndiye aliyetuona. Siku moja alisema tu, "Ninyi wawili hamjaangaliana tangu ibada ilipoanza." Akatushauri tuondoke nyumbani siku mbili tatu, bila watoto.

Sasa, kwa mtu wa Songea, Unguja ni mbali na ni ghali. Hata bahari ya Mtwara, kupitia Tunduru na Masasi, ni safari ya siku nzima ndani ya basi. Lakini Mungu ametupa ziwa. Kutoka hapa mjini hadi Mbamba Bay kupitia Mbinga ni kilometa zaidi ya 160, na barabara ambayo zamani wakati wa masika ilikuwa inalaza magari kwenye tope, leo ni lami hadi chini. Wale ambao hamjapita, siku moja mpite. Mnapanda milima ya Umatengo yenye mashamba ya ngoro na kahawa, kisha mnaanza kuteremka kona kwa kona, na ghafla maji yako mbele yenu mpaka upeo wa macho. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kama mita 470 tu, kwa hiyo sweta uliyoondoka nayo asubuhi utaivua njiani. Mchanga upo, miti ipo, upepo upo. Asiyejua angesema ni bahari, isipokuwa maji hayana chumvi.

Basi tukaenda. Na hapa ndipo tulipokosea. Tulichagua mwisho wa juma la Nane Nane, kwa sababu ndipo tulipopata nafasi. Tulipiga simu sehemu moja ya kulala wageni kando ya maji, tukauliza swali moja tu: je, pametulia? Wakajibu, pametulia sana mama, karibuni. Nani angejibu vinginevyo?

Tulifika Jumamosi alasiri. Kijana wa mapokezi alitupa kitabu cha wageni tujaze jina, kabila, tulikotoka na tunakokwenda, huku akituangalia vidole kutafuta pete. Hilo tulilisamehe, anajua mwenyewe anaowapokea kila siku. Lakini uani palikuwa na maturubai, na chini ya maturubai palikuwa na spika mbili zenye kimo cha mtu. Harusi. Muziki ulizimwa saa nane usiku. Chumba cha pili walikuwemo wazazi na watoto watatu, na mara tu muziki ulipozimwa mmoja wa watoto wale akaita, "Mama!" Akina mama, tulijikuta tumekwisha simama gizani, tunatafuta kanga. Mtoto si wetu, nyumba si yetu, lakini miguu ilikwenda yenyewe.

Jumapili ndiyo siku watu wa Mbinga huteremka kuogelea. Magari yalijaa. Baba watoto alikwenda kwenye televisheni ya baa kuangalia mpira, akabaki huko hadi jioni. Sisi tulikaa kwenye kiti cha plastiki tukikunja na kukunjua taulo. Jumatatu tulirudi. Kutoka Mbamba Bay hadi Songea mtu pekee aliyeongea na sisi alikuwa kondakta.

Katika Injili ya Marko, sura ya 6, mnakumbuka Bwana Yesu alivyowaona mitume wake wamelemewa na watu, wanaoingia na wanaotoka, hata chakula hawakipati, akawachukua kwa mashua waende mahali pa faragha. Walipofika waliwakuta watu wale wale, wamekimbia kwa miguu wakawatangulia. Mahubiri mengi huenda haraka kwenye mikate na samaki. Sisi tangu siku ile hubaki kwenye mashua. Tunaona kwamba Bwana mwenyewe aliona haja ya kupumzika kuwa ni haja ya kweli, akaitafutia mahali. Na tunaona pia kwamba mahali penyewe hapapatikani kwa kupanda mashua tu.

Mama yule tulimwambia kwamba maneno yale matatu aliyoyapigia mstari ni jibu la swali moja kati ya mengi. Hoteli inaweza kuwazuia watoto na bado ikawa na kelele kuliko stendi ya mabasi Jumatatu asubuhi. Watu wazima nao wana muziki wao.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, piga simu wewe mwenyewe, usimwachie mtoto. Usiulize kama pametulia. Uliza muziki unazimwa saa ngapi, na baa iko umbali gani kutoka chumba mtakacholala. Uliza kama juma hilo wana harusi, semina au msafara wa shule. Uliza kama watu wa nje huruhusiwa kuingia ufukweni siku za Jumapili. Jenereta iko wapi? Chumba kinaangalia maji au kinaangalia jiko? Mwenye hoteli nzuri hachoki kujibu. Anayechoka kwenye simu atachoka zaidi mkifika. Mama mmoja wa kikoba chetu huongeza swali lake: chumba kina kitanda kimoja au viwili? Alikwenda na mumewe mahali wakapewa vitanda viwili vya futi tatu, wakalala kama wanafunzi wa bweni.

Kwa upande wa Unguja, kuna mambo ambayo karatasi ya mama yule haikuyasema. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu na Jambiani, ina utulivu wa kijiji, lakini maji yakipwa bahari hurudi nyuma mbali sana hadi kwenye mwamba, na kwa saa kadhaa hakuna pa kuogelea. Ndiyo saa ambayo akina mama wa huko hushuka kwenye mashamba yao ya mwani. Mtu aliyelipia bahari akakuta mchanga hununa, ila anayependa kutembea mguu kwa mguu na mumewe atapafurahia. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali na unaweza kuoga karibu wakati wowote. Lakini ndiko kwenye wageni wengi zaidi, na Kendwa inajulikana kwa sherehe za usiku wa mwezi mpevu. Masika ya Machi hadi Mei bei hushuka na baadhi ya hoteli hufungwa kabisa. Juni na kuendelea mvua imekwisha na jua si kali. Ulizeni kama ipo bei ya Watanzania, na mchukue vitambulisho vya taifa. Mkitoka nje ya hoteli kuingia vijijini, jifungeni kanga vizuri. Wale ni Waislamu wenye heshima zao, nanyi ni wageni wao.

Mama alikuwa anaandika yote haya nyuma ya karatasi ile ile. Tulimwona anapungua hofu kadiri anavyoandika.

Kuhusu watoto wanaobaki. Hapa sisi wauguzi ni wakali kidogo, mtusamehe. Mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, ambaye chakula chake ni maziwa yako peke yake, asubiri. Safari ipo, haitaondoka. Mtoto mgonjwa wa muda mrefu, mwenye selimundu, pumu au kifafa, aachwe kwa mtu aliyekwisha kumhudumia akiwa taabani, si kwa mtu anayempenda tu. Binti wa kazi asiachiwe nyumba na watoto peke yake, hata awe mwaminifu namna gani. Mtoto akipata degedege usiku, binti wa miaka 19 atafanya nini? Mwite bibi, au shangazi, au mama mdogo wao, aje alale hapo. Andika kwenye karatasi, ubandike ukutani: dawa, kipimo, saa, kadi ya bima iko wapi, kadi ya kliniki iko wapi, jirani mwenye gari ni nani. Fanya hivyo hata kama shangazi atakuambia kwamba amelea watoto saba bila karatasi.

Na waage. Usitoroke alfajiri wakiwa wamelala. Mtoto anayeamka akakuta mama hayupo hujifunza kulala jicho moja wazi. Wetu wa mwisho tulimwambia wiki nzima kabla, siku kwa siku. Alilia siku ya kwanza ya kuambiwa. Siku ya kuondoka aliuliza tu tutamletea nini.

Mara ya pili tulikwenda Oktoba 2023. Safari hii tulipanga mapema kama watu wanaopanga kilimo. Tulitenga fedha ya gunia nne za mahindi mara tu baada ya kuuza, tukaziweka mbali na ada. Tulichagua Oktoba kwa sababu upepo mkali wa kusini unaolichafua ziwa katikati ya mwaka huwa umetulia, na mvua za Novemba hazijaanza. Tulichagua Jumatatu hadi Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa na wafanyakazi wakiwa kazini. Tena mzee mmoja mvuvi, mgonjwa wetu wa zamani, alitufundisha jambo ambalo hakuna hoteli ingelituambia: tazameni mwezi. Dagaa wa Nyasa, ambao huko huitwa usipa, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Usiku huo ziwa ni zuri kweli, taa zimetapakaa kama mji uliojengwa majini, lakini alfajiri ufukwe ni soko: mitumbwi inarudi, watu wanaitana, usipa unaanikwa, na harufu ni harufu. Mwezi ukikaribia kujaa, wavuvi wa taa hupumzika. Wiki ile mwezi ulikuwa unaelekea kujaa Jumamosi.

Sehemu tuliyolala safari hii ilikuwa ndogo, vyumba vichache, haina ukumbi. Haikuwa na kibao cha kukataza watoto. Ila Jumatatu ya katikati ya muhula watoto hawakuwepo, na hilo lilitutosha. Wageni wengine walikuwa wazee wawili wa Kizungu waliokuwa wakisalimia mara moja asubuhi na mara moja jioni.

Siku ya kwanza tulilala. Hatusemi tulipumzika, tulilala, kuanzia saa tisa alasiri hadi kesho yake saa mbili, na baba watoto vivyo hivyo. Mwili wa mtu wa zamu unadai deni lake kwanza. Siku ya pili ilikuwa ngumu kuliko tulivyotazamia. Hakukuwa na mtoto wa kumtuma ujumbe. "Mwambie baba yako" haikuwa na wa kuambiwa. Tulikula samaki aina ya mbasa aliyechomwa, tukasifu samaki. Tukasifu upepo. Kisha tukanyamaza, na kile kimya akina mama kilitisha. Tuliona wazi kwa nini watu wengi hukimbilia mahali penye muziki.

Siku ya tatu jioni tulikuwa tumekaa kwenye mawe, miguu imeelekea majini, ndipo baba watoto akaanza kuongea habari za mama yake.

Mama mkwe wetu alifariki mwaka 2019, wodini, tukiwa pale. Tulifanya kila kitu. Tuliita daktari, tuliweka dripu, tulipima presha kila baada ya muda, na ilipokwisha tulimfumba macho, tukaandika saa, tukampigia simu shemeji, tukatafuta gari. Watu walitusifu. Kijijini walisema huyu ndiye mkwe. Miaka minne tulibeba sifa hizo. Jioni ile juu ya mawe, baba watoto alisema, taratibu, bila hasira, kwamba siku ile alihitaji mke na akampata nesi. Alisema alisimama mlangoni mwa wodi amenyoosha mkono, nasi tukampa fomu ajaze.

Hatukukumbuka mkono. Fomu tuliikumbuka.

Hatutaki kuwadanganya kwamba tulilia tukakumbatiana na mambo yakaisha. Tulikaa mpaka giza likaingia, mwezi ukang'aa juu ya maji. Tukamwambia tumesikia. Baadaye, njiani kurudi chumbani, tukampa mkono, naye akaushika mpaka mlangoni. Kwa watu wa umri wetu, waliokulia Songea, kushikana mkono nje ya nyumba si jambo dogo.

Tulimsimulia mama yule mpaka hapo, naye akakunja karatasi akairudisha mkobani. Kitinda mimba wake hatakosa kitu kwa siku tano. Neno ambalo baba watoto alilisema juu ya mawe lilikuwa limekaa nyumbani kwetu miaka minne, na watoto wanne walikuwa wanakula nalo mezani bila kulijua. Lisingesemwa mbele yao. Lisingesemwa kabisa.

Sasa mtatusamehe tukirudi kwenye kazi yetu, maana hatuwezi kuwapeleka ziwani bila kuwaambia la kichocho.

Ziwa Nyasa lina kichocho, hasa kwenye maji yaliyotulia, yenye majani, karibu na makazi ya watu, ambako konokono wanaobeba vijidudu hivyo huishi. Msidanganywe na uzuri wa maji. Upande wa Malawi, Cape Maclear ilisifiwa kwa miaka mingi kuwa salama, hadi miaka ya 1990 madaktari walipothibitisha kwamba wageni waliooga pale walirudi kwao na ugonjwa huo. Kijidudu huingia kwenye ngozi kwa dakika chache tu. Kujifuta haraka kwa taulo husaidia kidogo, hakutoshi kutegemewa. Kaa mbali na matete, na mbali na mito inapoingia ziwani, ambako pia mamba huwepo.

Tunalisema kwa akina mama kwa sababu maalumu. Kichocho cha mkojo kinajulikana kwa mkojo wenye damu, lakini kwa mwanamke huweza kukaa kwenye via vya uzazi, kikaleta uchafu ukeni, matone ya damu, na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Dalili hizo hufananishwa na magonjwa ya zinaa. Tumewaona wodini wanawake waaminifu walioitwa malaya na waume zao kwa sababu ya ugonjwa walioutoa ziwani wakifua nguo. Kwa wanaume nako, damu huweza kuonekana kwenye shahawa. Kabla hamjashutumiana, pimeni. Dawa ipo, praziquantel, hupimwa kulingana na uzito au kimo. Ila msikimbilie kuinywa siku mnayorudi, kwa kuwa haiui vizuri minyoo ambayo bado ni michanga. Ngojeni wiki nane hivi, kisha mwende mkapime. Mkipata homa kali au kikohozi kabla ya hapo, msingoje. Nendeni mapema na mseme mlioga ziwani.

Chandarua chukueni cha kwenu hata kama mmeambiwa kipo. Kuna vyandarua vyenye matundu ya kupitisha kuku. Na ninyi mlio bado katika umri wa kuzaa, msisahau kalenda yenu au vidonge vyenu. Kliniki inawajua akina mama waliokwenda kupumzika na watoto, wakarudi na mwingine.

Sisi wawili tulioga. Ziwa lile, Oktoba ile, jua lile, tungewezaje kukaa pembeni? Kwa hiyo mwisho wa Desemba, baada ya Krismasi, tulikwenda maabara kama tunavyowaelekeza wengine. Tulikuwa tumezoea kupokea vikopo vya mkojo vya watu; safari hii tulisimama foleni na cha kwetu mkononi, na baba watoto nyuma yetu na cha kwake, amekifunika kwa leso kama mtu anayebeba sadaka. Kijana wa maabara anatufahamu tangu akiwa mwanafunzi. Akashangaa, akauliza, "Mama, ninyi mlikuwa wapi tena?"

Baba watoto alijibu kabla yetu. Alisema tulikuwa ziwani, wawili tu, siku nne. Kisha akaanza kumweleza habari za mwezi na usipa, na foleni yote nyuma yetu ikangoja.